Ngazi Waliyopandia Waganga Wetu

Mwezi uliopita nilikuwa Haneti, wilayani Chamwino, kwa utafiti usiohusu afya. Mama niliyekuwa nikinywa chai kibandani kwake aliniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Ana miaka 39 na aliishia darasa la saba. Kwa miaka tisa amekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, na wajawazito aliowasindikiza usiku kwenda kituoni hana hesabu yao. “Mwalimu,” alisema, “nikitaka kuwa muuguzi mwenye cheti, naanzia wapi?”

Nilimweleza: Mtihani wa Maarifa kwanza, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, apate ufaulu katika masomo ya sayansi, ndipo aombe chuo, naye ajilipie mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. “Basi hiyo njia ni ya watoto,” akasema, akaendelea kukaanga maandazi yake.

Historia inaonesha kwamba njia hiyo haikuwa ya watoto tangu mwanzo. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Nchi yenye madaktari 12 haiwezi kukaa ikisubiri wanafunzi wa darasa la kwanza wakue. Ilibidi iwarudishe darasani watu wazima waliokwisha kuijua kazi. Shule ya udaktari ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, na tangu mwaka huo tabibu mzoefu akaanza kuendelezwa kuwa daktari msaidizi. Utaratibu uliokuja kuzoeleka ulimtaka afanye kazi miaka isiyopungua mitatu, kisha asome miwili zaidi. Chini yake aliwekwa mganga msaidizi wa vijijini, aliyechukuliwa baada ya elimu ya msingi na kufundishwa miaka mitatu, ambaye naye angeweza kupanda. Mtu aliyeanza kwa kusafisha vidonda katika zahanati ya udongo aliweza, akiwa na miaka arobaini na ushee, kushika kisu cha upasuaji katika hospitali ya wilaya.

Na walikishika kweli. Tafiti zilizofanyika Mwanza na Kigoma zimeonesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi nje ya miji ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana sana na ya madaktari wenye shahada. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwa hawaamini ninapowaeleza hili. Hudhani neno “msaidizi” lina maana ya mtu wa kushika taa.

Ngazi hiyo ilisimama juu ya fikra pana zaidi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: watu wazima takriban milioni 2 walikusanyika katika vikundi, redio moja katikati, wakijifunza kwa wiki 12 kuhusu malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Hapa Dodoma kampeni iliwakuta watu ambao miaka miwili tu kabla walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya kwa Operesheni Dodoma, tena si wote kwa hiari. Siisahau sehemu hiyo ya simulizi. Hata hivyo, dola ileile iliyowahamisha ilikuwa imeamini kwamba mkulima wa Ugogo mwenye miaka arobaini anaweza kujifunza namna ugonjwa unavyoenea.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuipeleka fikra hiyo hadi mlangoni mwa Chuo Kikuu. Kwa Azimio la Musoma, kufaulu kidato cha sita hakukutosha tena; mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi, na waliofanya kazi pamoja naye wamtolee ushuhuda. Azimio lilikuwa na kasoro zake. Chama kilipewa sauti isiyostahili katika udahili, na idadi ya wanawake ilishuka hata ikabidi waondolewe sharti hilo. Lakini tuzingatie kiini chake: miaka ya kazi ilihesabiwa kuwa sifa.

Sasa tazama tulipo. Mafunzo ya waganga wasaidizi wa vijijini yalikoma katika miaka ya 1990, na ya madaktari wasaidizi nayo yamesitishwa. Hoja iliyotolewa ni ubora, nami siipuuzi. Hakuna anayetaka kutibiwa na mtu asiyefunzwa vya kutosha. Wanaoniudhi ni wale wanaodai kwamba njia za kujiendeleza bado ziko wazi kwa wote. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo imemtaka mwombaji wa shahada ya kwanza awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Tabibu aliyekaa miaka minane katika zahanati ya kijiji, mahali ambapo wenzake walikataa kwenda, anakosa mkopo kwa sababu ya miaka hiyohiyo minane. Kilichokuwa sifa mwaka 1974 leo kinamfungia mlango.

Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294, watakaofundishwa kwa miezi sita na kulipwa posho. Ni hatua njema, na huenda ikamfikia hata yule mama. Watumishi wa Wizara wanaosoma ukurasa huu ningependa wanijibu jambo moja: baada ya miezi hiyo sita, kipandio kinachofuata kiko wapi? Je, mhudumu aliyefanya kazi vizuri miaka mitano atahesabiwa chochote akiomba kusomea uuguzi, au atarudishwa kwenye Mtihani wa Maarifa kana kwamba hajawahi kumwona mgonjwa?

Siku niliyoondoka Haneti, mama yule aliniomba vitabu vya sayansi vya kidato cha kwanza na cha pili. Vya Biolojia nimeshampelekea kwa basi. Vya Kemia na Fizikia bado natafuta. Mwenye navyo aniandikie.