Miwani ya Kuku

Mwezi wa Juni, mwaka 1903, serikali ya Marekani ilimpa Andrew Jackson, mkaaji wa kitongoji cha Munich katika jimbo la Tennessee, hati ya kumiliki uvumbuzi wake wa miwani ya kuku: vioo viwili vidogo katika fremu, na ukanda wa kuishikiza kichwani, ambavyo kazi yake ilikuwa kuyahifadhi macho ya mvaaji yasidonolewe na kuku wenziwe. Msomaji atacheka, na ana haki ya kucheka. Walakini nyuma ya kichekesho hicho iko tarikhi ndefu ya taabu ambayo wengi waliofuga kuku uani wameionja, siku mtu aingiapo bandani asubuhi akamkuta mtetea wake bora ana mgongo mtupu, ngozi imewiva kwa wekundu, na wenziwe wamemzunguka wakimdonoa penye jeraha kana kwamba wamealikwa karamu.

Wafugaji wa kale hawakulilalamikia sana jambo hili, na sababu yake haiko mbali. Columella, mzaliwa wa Cádiz aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo katika zama za Warumi, karne ya 1 baada ya Masihi, aliagiza kwamba vumbi kavu na majivu viwekwe kandokando ya kuta, mahali panapokingwa na paa, ili kuku wapate pa kuogea na kusafishia manyoya yao. Kwa karne nyingi baada yake kuku wa Ulaya, sawasawa na kuku wa Bara Hindi na wa mwambao wetu, alikuwa mtembezi: hutoka alfajiri, huchakura jalalani, huokota mchwa, hujigaragaza vumbini jua likiwa utosini, na hurudi tunduni magharibi. Ugomvi haukukosekana, hasa anapoletwa kuku mgeni, ambaye kwetu hufungwa kamba mguuni hata methali ikatungwa juu yake. Lakini mgeni huyo hukong'otwa kichwani siku chache, hujifunza nani wa kumpisha njia, kisha mambo hutulia. Kunyonyolewa manyoya hadi damu itoke halikuwa jambo la kila ua.

Mambo yaligeuka kuku alipofungiwa ndani. Hapo awali, katika nchi za baridi, kuku aliyenyimwa jua alipooza miguu akafa, na kwa hiyo hakuna mfanyi biashara aliyethubutu kuwafuga kwa wingi chini ya paa mwaka mzima. Lakini vitamini D ilipotambulikana, mnamo 1922, ikajulikana kuwa mafuta ya ini la samaki yaliyochanganywa katika chakula yaweza kushika nafasi ya jua. Mwaka uliofuata Bibi Celia Steele wa Delaware, aliyeagiza vifaranga 50, aliletewa 500 kwa kosa la muuzaji, naye badala ya kuwarudisha akawafuga wote ndani ya kibanda akawauza kwa faida. Ilipofika 1926 alikuwa na jengo la kuku 10,000. Tijara hiyo ilienea upesi, kisha vikaja vizimba vya waya, na kuku ambaye babu zake walikuwa na ua mzima wa kupekua akabaki juu ya sakafu isiyo na kitu cha kupekuliwa ila manyoya ya jirani yake.

Wakati uo huo, huko Norway, alikuwapo mtu aliyewatazama kuku kwa jicho jingine. Thorleif Schjelderup-Ebbe, mzaliwa wa 1894, alianza tangu utotoni kuandika daftarini nani amemdonoa nani miongoni mwa kuku wa kwao, na katika makala aliyoitoa kwa Kijerumani mwaka 1922 alionyesha kwamba kila kundi la mitetea lina daraja: wa kwanza huwadonoa wote wala hadonolewi, wa pili humstahi wa kwanza na kuwadonoa waliosalia, na hivyo hivyo hadi kwa yule mnyonge wa mwisho ambaye hana wa kumdonoa. Aliona hata vioja, kama vile kuku watatu wanaozungukana, huyu akimtawala yule, yule akimtawala wa tatu, na wa tatu akimtawala wa kwanza. Elimu yake ilipata sifa ulimwenguni, na sifa hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyowapoteza wafugaji njia, maana walidhani kuwa kila kudonoana ni kugombea cheo, na kwamba kuku aliyenyonyolewa ameadhibiwa kwa unyonge wake.

Hasha, si hivyo, na mwenye subira ya kukaa juu ya kigoda karibu na banda ataiona tofauti kwa macho yake. Kuku anayetetea daraja hupiga kutoka juu, upesi, kichwani au shingoni, na mwenziwe akiinamisha kichwa au akikimbia, shauri limekwisha. Anayenyonyoa manyoya huja kwa nyuma, taratibu, bila ghadhabu yoyote. Hulichagua nyoya moja karibu na mkia, hulishika, hulivuta, na mara nyingi hulimeza. Anayenyonyolewa huenda asimame kimya mwanzoni. Ni pale tone la damu linapotokeza ndipo wengine huvutwa na wekundu, na lililoanza kama upekuzi huishia katika kulana.

Wekundu huo ndio uliowarudisha watu kwenye miwani. Katika miongo ya katikati ya karne ya 20 kampuni za Marekani ziliuza miwani yenye vioo vyekundu, iliyokazwa juu ya mdomo penye tundu za pua, kwa hoja kwamba kuku anayeona dunia yote nyekundu hataitambua damu. Na baadhi yake iliwekwa bawaba, ili kuku anapoinama kula vioo vijinyanyue auone mtama kwa rangi yake ya asili. Mwaka 1955 muuzaji mmoja alijitokeza katika televisheni ya Marekani, watu wakatakiwa kukisia kazi yake, na ilipofichuliwa akasema huuza jozi milioni 2 hadi 3 kwa mwaka. Ajabu ni jinsi madhumuni yalivyopinduka: Jackson alimvisha miwani anayedonolewa ili apone, na waliomfuatia wakamvisha anayedonoa ili asione. Ilikuwapo miwani iliyopigiliwa kwa pini iliyopenya puani, dhuluma ambayo Uingereza baadaye iliipiga marufuku, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja lenzi nyekundu za kupachikwa machoni, ambazo hazikudumu sokoni.

Wengine waliona miwani ni gharama bure, wakaukabili mdomo wenyewe. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Ohio waliwafundisha wafugaji kukata ncha ya mdomo, sehemu ambayo huota tena kama kucha. Katika miaka ya 1940 mfugaji mmoja wa San Diego akatumia moto wa bomba la kuchomea, jirani yake akaboresha kwa chuma cha kulehemu, na haukupita muda ikaundwa mashine yenye kisu cha moto iliyoenea duniani, hata katika mashamba yetu ya kuku wa mayai. Iliaminika kuwa mdomo ni pembe tupu isiyo na hisia. Mwaka 1985 Breward na Gentle, watafiti wa Edinburgh, walionyesha kuwa katika kisiki cha mdomo uliokatwa huota vifundo vya mishipa ya fahamu, vinavyopeleka ishara zisizo za kawaida, mfano wa vile viwapatavyo watu waliokatwa mguu au mkono.

Mwaka uliofuata Mholanzi Blokhuis alieleza kwamba kunyonyoana ni kudonoa ardhi kulikokosa ardhi, na mwaka 1989 Marian Dawkins, aliyewatazama kuku mwitu wekundu katika hifadhi ya Whipsnade huko Uingereza, aliwakuta wakidonoa ardhi katika dakika 60 hivi kati ya kila 100, na wakichakura katika 34, ingawa walikuwa wakilishwa. Shibe, kwa hiyo, haimwondolei kuku haja ya kutafuta. Wafugaji wadogo walikuwa wamekwisha kulihisi hilo bila ya kuwa na maabara: wapo waliotia chumvi kidogo katika maji, wapo waliopaka lami penye jeraha, na wapo, mpaka leo Dar es Salaam na Nairobi, wanaofunga fungu la mchicha au kichwa cha kabichi kwa kamba na kulining'iniza juu kidogo ya vichwa vya kuku, huku yule aliyejeruhiwa akitengwa, tabaka nene la maranda likatandazwa sakafuni na mwanga ukapunguzwa. La lami silisifu. La mchicha lina hoja.

Njia ya mwisho ilikuwa ya nasaba. Huko Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, William Muir aliacha kumchagua kuku mmoja mmoja kwa wingi wa mayai yake, kwani bingwa wa kutaga huenda akawa ndiye jambazi wa banda, akachagua vizimba vizima vya ndugu walioishi pamoja wakataga pamoja. Na katika matokeo aliyoyatoa mwaka 1996, vifo vya mwaka, ambavyo vilikuwa asilimia 68 katika kizazi cha pili, vilishuka hadi 8.8 katika kizazi cha nne, pasipo kukata mdomo hata mmoja.

Sharia nazo zimekwenda kwa mwendo wa kila nchi. Norway ilikataza kukata midomo mwaka 1974, Finland 1986, Sweden 1988. Uingereza iliahidi kukataza mwaka 2011, ikaahirisha, na mwaka 2015 ikaiacha azma hiyo kwa kuchelea kuku watakaonyonyolewa hadi kufa katika mabanda makubwa. Na hivyo kifaranga wa huko anayekusudiwa kutaga mayai ya biashara bado humulikwa ncha ya mdomo kwa mionzi ya joto siku anayoanguliwa, na ncha hiyo hudondoka yenyewe baada ya wiki chache.