Insulini, mtungi wa mama na nyuzi 37 za Garissa

Wengi wenu huja hapa kusoma habari za Linux, hifadhidata na malalamiko yangu kuhusu watu wanaotoa programu bila kuzijaribu. Leo mnivumilie, naandika kuhusu sukari. Si ile ya chai, ingawa nayo itaingia. Ni ile ya damu. Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu Aprili 1996, nilipokuwa na miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita mjini Garissa. Watu huniuliza niliwezaje kuishi na ugonjwa huo mahali penye joto kama kule. Jibu lake ni historia ndefu kidogo, na katikati ya historia hiyo kuna mtungi.

Kwanza tuelewane. Kwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata wengi, mwili bado hutengeneza insulini lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Aina ya kwanza ni tofauti: kongosho huacha kuitengeneza. Ukikosa sindano, sukari hupanda, damu hujaa asidi, na mtu anaweza kufa katika siku chache. Nimeshapewa mizizi, majani na maziwa ya ngamia (haya ya mwisho nayapenda sana, hata bila ugonjwa). Nimeombewa dua nyingi na nashukuru. Sindano hazikukoma.

Kabla ya 1922 mtoto kama mimi alikuwa akisubiri kaburi tu. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, walipata kutoka kwenye kongosho za mbwa kitu kilichoshusha sukari. Mkemia James Collip akakisafisha. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa kitu hicho. Sindano ya kwanza haikumfaa kwa sababu dawa ilikuwa bado chafu, lakini siku chache baadaye ile iliyosafishwa ikamwinua kitandani. Mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Ninyi mashabiki wa programu huria mtaelewa kwa nini huwa nalitaja jambo hilo kila ninapopata nafasi, hasa ninapotoka kulipia dawa.

Kwa miaka mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mahali kama Garissa, ambako karibu kila jirani ni Mwislamu, swali la nguruwe halikuwa dogo, ingawa wanazuoni walikuwa na jibu lao la dharura. Ufumbuzi ulikuja kwa njia ambayo sisi waandishi wa programu tunapaswa kuionea wivu. Frederick Sanger alikuwa amekwisha kuisoma insulini "herufi" kwa "herufi", zote 51, kufikia mwaka 1955. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani wakachukua maelekezo ya kuitengeneza insulini ya binadamu na kuyaingiza ndani ya bakteria, na bakteria wakatii! Mwaka 1982 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Chupa niliyopewa mwaka 1996 ilikuwa ya ukoo huo.

Sasa tuje kwenye chupa yenyewe. Imeandikwa kwamba ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8. Ukishaifungua unaweza kuiweka nje ya friji kwa takriban wiki nne, lakini joto lisizidi nyuzi 25, au 30 kwa baadhi ya aina. Soma tena sentensi hiyo ukiwa Garissa mwezi wa Machi, wakati joto la mchana hufika nyuzi 36 na 37. Chumba cha nyuzi 25 utakipata wapi? Miaka ile mji ulikuwa bado haujaunganishwa na gridi ya taifa, umeme ulitoka kwa jenereta za dizeli, na ukikatika unakatika. (Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna hata mtambo wa sola wa takriban megawati 50 nje ya mji, uliozinduliwa Desemba 2019.) Nyumbani kwetu hakukuwa na friji hata hivyo. Baba alikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mnaujua.

Mama ni Mpokomo wa huko Hola, kwao mtungi ni kitu cha kawaida kuliko kiti. Alichukua kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, akatia chupa ya insulini, akaliacha lielee ndani ya mtungi wa maji uliokaa kivulini penye upepo. Maji hupenya taratibu kwenye udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hakuna waya, hakuna betri. Mahali pakavu kama kwetu mtungi hufanya kazi vizuri zaidi kuliko Mombasa, kwa sababu hewa ya Pwani tayari imeshiba unyevu.

Muuguzi wa kliniki moja, ambayo sitaitaja, alipomwuliza mama anaiweka wapi dawa, mama akaeleza kwa fahari. Akakaripiwa mbele ya foleni nzima. Akaambiwa insulini iliyotoka kwenye baridi ni maji matupu, kwamba anamwua mtoto wake polepole. Nakumbuka alivyoshika mkoba wake kwa mikono miwili njia nzima tukirudi nyumbani. Tangu siku hiyo chupa ikapelekwa kwenye friji ya mwenye duka la soda, mitaa miwili kutoka kwetu, na mimi nikawa natembea huko alfajiri na jioni kwenda kudungwa. Duka likifungwa mapema, tunarudi kwenye mtungi, na mama halali.

Halafu ikaja El Niño. Wenye umri wangu wanakumbuka mvua za kuanzia Oktoba 1997 hadi mwanzoni mwa 1998. Barabara ya Nairobi ilikatika, Mto Tana ukafurika, na juu ya hayo ukazuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa ulioua mifugo na watu katika wilaya ya Garissa. Hospitali zilikuwa na mengi kuliko mtoto mmoja wa sukari. Mwenye duka alizima friji kwa kuwa soda hazikuwa zinafika. Sisi tulibaki na nusu chupa, ndani ya mtungi.

Baba alikaa mezani na penseli. Nusu chupa ni uniti 500. Nilikuwa natumia uniti 35 kwa siku. Siku 14. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza maishani mwangu niliyoiona ikiwa na matokeo. Lakini chini yake akaandika swali: "Kama haijaharibika?" Hilo hakuna aliyeweza kulijibu. Mashine ya kupimia sukari nyumbani hatukuwa nayo. Tulikuwa na maji ya bluu ya Benedict, yale yale mliyochemshia vyakula kwenye maabara ya shule. Unaweka matone ya mkojo, unapasha moto, unaangalia rangi: bluu ni salama, kijani ni kidogo, njano, chungwa, halafu rangi ya tofali, ambayo ni hatari. Kila asubuhi familia nzima ilisimama kuizunguka jiko la makaa kutazama rangi. Ilibaki kijani, mara moja njano. Siku ya 11 mjomba alifika na chupa mbili, baada ya kuvushwa kwa mtumbwi mahali ambapo barabara ilikuwa imezama. Alikuwa amezifunga ndani ya barafu, zikigusana nayo. Moja ilikuwa imeganda. Insulini ikishaganda imekwisha, hata ikiyeyuka haifai. Nyingine ilipona.

Kwa hiyo chupa ya mtunguni ilifanya kazi siku 11 katika joto, na ile iliyolindwa kwa barafu ikafa. Nilikuwa na miaka 13 na sikujua la kufanya na habari hiyo. Ushahidi wa mtoto mmoja na jiko la makaa si utafiti.

Utafiti ulikuja baadaye sana, na mnajua ulitoka wapi? Dagahaley. Ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanza kujengwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuanguka, kilomita 100 hivi kutoka tulipokuwa tukiishi. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakitibu wagonjwa wa kisukari kambini humo. Kwa kuwa nyumba za wakimbizi hazina friji, na kanuni inasema friji, wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kudungwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku, kila siku ya Mungu. Hebu fikiria mama mwenye watoto watano, au mtu wa kibarua. Nilikuwa natembea mitaa miwili nikilalamika.

Walichofanya ni kitu rahisi ambacho kilipaswa kufanywa zamani: walipima. Waliweka vipima joto kambini, wakakuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha wenzao wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaigiza joto hilo hilo maabarani, kwa wiki nne, wakitumia aina mbalimbali za insulini. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu ya dawa haikupungua zaidi ya asilimia 1, sawa na ile iliyokaa kwenye baridi wakati wote. Mwezi mzima bila friji, kwa joto la Dagahaley.

Nilisoma makala hayo nikiwa kazini na nikatoka nje kidogo. Kwenye programu tuna tabia mbaya ya kuingiza namba fulani ndani ya msimbo, halafu miaka inapita na kila mtu anaiogopa kwa kuwa hakuna anayejua iliingiaje. Nyuzi 2 hadi 8 si uongo, kwa akiba ya miezi mingi bado ndiyo sahihi. Kosa lilikuwa kuichukulia kanuni ya bohari la dawa kama kanuni ya nyumba ya mgonjwa, na kumwaibisha mtu kwayo.

Tafiti nyingine zimeongezea. Mwaka 2016 ulichapishwa uchunguzi wa vyungu na vyombo vya kupoza kutoka nchi kadhaa zenye joto, na vyungu vilionekana kupunguza joto, hasa mahali pakavu. Novemba 2023 jopo la Cochrane lilikusanya ushahidi uliopo na kusema kwamba aina fulani za insulini ya binadamu, zikiwa hazijafunguliwa, zinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na miezi miwili kwenye joto lisilozidi 37. Tafadhali zungumza na muuguzi wako kabla ya kuzima friji! Aina hazifanani, na gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 37 kwa mbali.

Nawasikia wengine wakiuliza kuhusu teknolojia ya kisasa. Ipo, na ni tamu. Mwaka 2013 John Costik, mwandishi wa programu huko Marekani ambaye mwanawe mdogo alikuwa na kisukari, alifanikiwa kutoa vipimo kwenye kihisio cha sukari na kuvipeleka mtandaoni ili avione akiwa kazini. Hapo ndipo ulipoanza mradi huria wa Nightscout. Nimesoma msimbo wake usiku kucha. Lakini kihisio chenyewe hudumu siku kadhaa tu kisha ununue kingine, na katika utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 takriban asilimia 88 ya watu wazima walisema hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Jirani yetu wa Kisomali, ambaye sisi watoto tulimwita Eeddo, alikuwa mmoja wao. Chai yake ya maziwa ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Aligundua ana ugonjwa siku mwiba ulipomchoma mguuni asiusikie, kidonda kikaoza, wakamkata vidole viwili. Kisukari kisichotunzwa huua hisia za miguu kabla mtu hajajua. Mpaka leo hukagua nyayo zangu kila usiku kwa kioo, na macho hupimwa kila mwaka.

Februari iliyopita nilimtembelea mama. Nilibeba kihisio kidogo cha joto na kibao cha Raspberry Pi, nikakifunga kihisio ndani ya kopo na kukiacha mtunguni siku tatu. Saa tisa alasiri sebuleni palikuwa na nyuzi 36, mtunguni 28. Nikamwonyesha mchoro kwenye tarakilishi, nikamweleza na habari za Dagahaley na Geneva. Alivaa miwani, akautazama mstari wa chini kwa muda. Akaniuliza yule muuguzi bado yuko. Nikamwambia sijui, nadhani alistaafu. Akainuka kwenda kuongeza maji, kwa sababu mashine yangu, alisema, ilikuwa imeacha mfuniko wazi.