Darubini na Jicho la Mwenyeji: Nani Alimwona Mnyama Kwanza?

Masimulizi ya wawindaji wa Kizungu waliopita katika nchi inayouzunguka mji wa Sondu, magharibi mwa Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20 humwachia msomaji picha moja: bwana ameketi juu ya kilima, amefungua mkoba wa ngozi, ametoa darubini, na wanyama wametokea. Picha hiyo inapotosha. Katika mbuga zilizo wazi, kuanzia nyika za Sotik upande wa kusini-mashariki hadi bonde la Lambwe upande wa magharibi, kazi kubwa ya darubini ilikuwa kuthibitisha. Kazi ya kutafuta ilikuwa ya wenyeji, na mara nyingi ilikwisha kabla mkoba haujafunguliwa.

Ushahidi wa kwanza umo katika chombo chenyewe. Darubini za misafara ya karne ya 19 zilikuwa za mtindo wa Galileo: zilikuza kidogo na zilionyesha eneo finyu. Mfumo wa prizimu uliobuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro mwaka 1854 ulikomazwa na Ernst Abbe katika kiwanda cha Zeiss mjini Jena, na darubini zake zikaingia sokoni mwaka 1894. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo, chombo hiki kilikuwa bado kipya hata Ulaya. Kilikuza mara sita au nane, lakini hata hicho kilionyesha duara dogo tu la nchi kwa wakati mmoja, na jua likishapanda, mazigazi yaliyumbisha kila kitu kilicho mbali. Asiyejua pa kuielekeza angeweza kupekua nyasi asubuhi nzima na asiambulie kitu.

Mwenyeji alijua pa kutazama. Alitafuta nyamera dume juu ya kichuguu, mahali anapopenda kusimama kulinda eneo lake. Yangeyange waliotulia nyasini, dalili ya nyati karibu nao. Mstari uliolala katikati ya mashina yaliyosimama, ambao huenda ni mgongo. Chukua mfano wa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyewinda Sotik mwaka 1909: jicho lake la kushoto lilikuwa karibu limepofuka. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile. Hesabu hiyo haielezeki bila macho ya wabeba bunduki wake, kina Muhamed na Bakari, na ya wafuatiliaji nyayo. Hata hivyo, picha za ukumbusho zilimweka mwenye bunduki mbele.

Huenda mtu akapinga kwamba kioo kilileta nguvu mpya kweli. Ni sawa. Alfajiri na jioni, lenzi pana hukusanya mwanga ambao jicho tupu haliupati, na kwa umbali wa kilomita moja humwezesha mtu kutenganisha dume na jike. Lakini nguvu hiyo huanza baada ya mnyama kushukiwa. Mwingine atasema wenyeji walizaliwa na macho makali kuliko ya wageni. Hili nalo ni kosa, tena ni kosa linalowadhulumu, kwa kuwa linageuza elimu kuwa maumbile. Mchunga ng'ombe aliyekulia ukingoni mwa mbuga alifundishwa kutazama tangu utotoni, kama msomi alivyofundishwa kusoma.

Hoja hii ina uzito hata leo. Lambwe, ambako mbung'o waliwazuia watu na mifugo kwa miaka mingi na hivyo kuwaachia wanyama nafasi, ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Huko ndiko wamebaki swala aina ya korongo wa mwisho nchini Kenya. Sensa ya 2021 ilihesabu 15 tu. Uso wao mweusi wenye mabaka meupe na masikio yao marefu hutambulika vizuri ndani ya darubini, ila nyasi zikishakuwa ndefu humficha korongo aliyelala, hata lenzi iwe ya bei gani. Anayejua alipolala jana na anakokunywa maji ndiye anayeanza kazi. Basi askari wa wanyamapori wapewe vioo bora, na wakazi wa kando ya hifadhi wahesabiwe miongoni mwa wataalamu wa kuhesabu, kwa malipo na kwa majina yao katika ripoti. Historia iliwaondoa katika picha mara moja. Uhifadhi hauna sababu ya kurudia.