Kiwanja cha Diski, Wala si Kigawanyo

Imenifikia hivi karibuni orodha ya istilahi za kompyuta, iliyotungwa na jopo la mabingwa ambao sina haja ya kuwataja, na humo nimeona kwamba zile sehemu ambazo diski kuu hukatiwa kabla ya kuwekwa mfumo endeshi zimepewa jina la vigawanyo, na kwamba kufuta na kufomati, ambayo ni mambo mawili mbalimbali, yamefungiwa katika neno moja la kusafisha. Pendekezo langu mimi lilipelekwa kwa mabingwa hao zamani, kwa barua yenye adabu zote, na jawabu halijaja. Basi na wasomaji wahukumu.

Kiswahili kina kawaida zake, na mwenye kuunda maneno hana ruhusa ya kuzikanyaga. Kitenzi kikivikwa ki- mwanzoni na -o mwishoni, aghalabu huzaa jina la chombo cha kufanyia kazi ile: kuziba hutoa kizibo, kufunika hutoa kifuniko, kupima hutoa kipimo. Kwa mizani hiyo kigawanyo ni kile kinachogawanya, yaani kisu, wala si mnofu uliokatwa. Wako wengine, mahasimu zangu wa siku nyingi, wapendao kusema kiambaza, ule ukuta wa udongo utengao chumba na chumba. Hao angalau wamekisikia Kiswahili kwao nyumbani, ila diski hawajaitazama. Ndani ya diski hamna ukuta.

Kilichomo ni maandishi tu. Katika utaratibu ulioenea tangu mwaka 1983, IBM ilipotoa kompyuta yake ya XT yenye diski ya megabaiti 10, na DOS 2.0 ikaja na programu ya fdisk, sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, hutengewa baiti 64 za jedwali, na jedwali hilo lina nafasi nne za baiti 16 kila moja; na kila nafasi, pamoja na mambo mengine machache, hueleza kwamba eneo hili laanzia sekta fulani na urefu wake ni sekta kadha wa kadha. Hakuna zaidi ya hayo. Hata utaratibu mpya wa GPT, ambao Windows huutengea nafasi 128 na ambao huweka nakala ya jedwali mwishoni mwa diski, ni mipaka iliyoandikwa vilevile.

Na kitu ambacho mipaka yake imeandikwa daftarini kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, Waswahili wote hukiita kiwanja. Uwanja ni mahali peupe, pasipo jengo. Ki- ikiingia, upana ule hupunguzwa, na pale panakuwa na mwanzo na mwisho na mwenyewe. Kiwanja hupimwa, huunganishwa na cha jirani, hukatwa viwili, hubaki kitupu miaka kadha kikingoja mjenzi, na hayo yote ndiyo mambo yafanywayo katika diski. Jedwali lenyewe naliita sijili. Msomaji aniwie radhi nikilifuata neno hili nyuma kidogo, maana nasaba yake ni ya fahari: latokana na sigillum la Kirumi, yaani muhuri, likapokewa na Wayunani, likapita kwa watu wa Shamu, likaingia Kiarabuni na kuwamo hata katika Kurani, kisha likavuka bahari hadi pwani yetu, ambako limezaa kusajili na usajili na msajili. Neno lililotumikia madaola mangapi halishindwi na baiti 64, na sioni kwa nini jopo lilione la kizamani.

Sasa hilo la kusafisha, ambalo ndilo lenye madhara. Fundi wa Kariakoo akiambiwa apige Windows, huingiza flashi, hufika penye orodha ya viwanja, hukiondoa kimoja baada ya kimoja mpaka pabaki nafasi isiyogawiwa, akaendelea. Na mwenye kompyuta, akiisha kuambiwa kwamba diski imesafishwa, huiuza kwa moyo mkunjufu. Walakini kilichoondolewa ni mstari wa sijili. Nyumba ingali imesimama, na mtu akiirudisha mipaka ileile kabla hapajaandikwa kitu kingine juu yake, picha za harusi na hati za benki zaonekana kama zilivyokuwa. Kufomati kwa haraka nako hutandika orodha mpya ya mafaili, na yaliyo chini yake hukaa. Kufuta ni pale sifuri zinapoandikwa juu ya kila sekta, kama ifanyavyo fomati kamili ya Windows tangu zama za Vista. Na jina la kufuta lisipewe jambo jingine lolote. Kufomati nakuacha kama kulivyo, maana mafundi wamekwisha kukukubali na mimi si mshindani wa kila neno.

Kwa matumizi yatosha haya: nakili mafaili yako kwanza, futa, pima viwanja, fomati, kisha weka mfumo, na kwa diski za SSD usitegemee sifuri, tumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, kwa kuwa kidhibiti chake hutawanya maandishi mahali usipopaona.

Wanaotunga vitabu vya shule nawasihi waandike kiwanja, sijili na kufuta, kila moja mahali pake, wala wasilingoje jopo. Na wewe unayeuza kompyuta yako wiki hii, usimwulize fundi kama ameisafisha. Mwulize kama ameandika sifuri, au, ikiwa ni SSD, kama ametumia amri ya kufuta ya diski yenyewe.