Usimalize Bonasi kwa Wufa Kabla Usome Hii: Rada ya Sub ya Dinga na ya Keja

Msee wangu wa Litein, Sotik, Bomet ama Kericho tao, hebu tuongee. Bonasi ya majani chai imeingia, mzee amekukatia kitu kidogo, na tayari unapiga hesabu ya wufa. Poa. Lakini kabla utume hiyo doo, skiza kwanza, juu mimi nilishachoma mashine yangu ya kwanza na sitaki yako iifuate.

Wati za kwa boksi ni story

Ukiona kaspika kadogo kameandikwa wati 10,000, hiyo ni PMPO, namba ya kukuuzia mbuzi kwa gunia. Tafuta RMS, yaani nguvu yenye mashine inabeba ngoma baada ya ngoma bila kuumia. Huioni? Geuza wufa ucheki nyuma inakula stima ngapi. Ikivuta wati 60 kwa soketi, haiwezi toa wati 1,000 kwa spika. Nguvu haitoki hewani, buda.

Saizi na boksi

Kwa bedsita, inchi 6 hadi 8 inatosha. Kama keja ni ya mabati, besi kubwa itatikisa mabati mpaka usisikie ngoma. Kwa dinga, inchi 10 inadunda haraka, 12 inashuka chini zaidi. Kama Probox yako inabeba abiria na magunia, tafuta ile sub nyembamba ya kuweka chini ya kiti, yenye amplifaya ndani.

Usifunge spika bila boksi. Sauti ya nyuma inamaliza ya mbele, besi inapotea. Boksi lililozibwa linatoa besi safi. Lenye tundu linapiga kwa nguvu zaidi, lakini fundi lazima afuate vipimo.

Stima ya dinga

Hapa ndio wengi huangukia. Amplifaya ya wati 500 RMS ya class D inaweza kuvuta karibu ampea 45 ukiifungulia yote. Ya class AB inaweza kupita 70. Altaneta ya gari ndogo mara nyingi iko kati ya ampea 70 na 100, na kwa ukungu wa Kericho taa na wipa pia zinataka zao. Ukiona taa zinafifia kila besi ikipiga, stima haitoshi.

Mambo manne usiruke:

- Waya: kwa wati 500, nunua geji 4 ya shaba tupu. Ile ya aluminiamu iliyopakwa shaba ni bei rahisi lakini inapitisha stima kidogo.
- Fyuzi: iwe kwa waya ya betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwa betri. Waya ikichubuka bila fyuzi, gari inashika moto.
- Omu (ile alama ya Ω): koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa 2, zikifuatana zinakuwa 8. Amplifaya ya mwisho omu 4 ukiipa 2, itachemka.
- Sauti ikianza kukwaruza, punguza. Hiyo mikwaruzo ndio huchoma koili, hata kama amplifaya ni ndogo.

Stima ya keja, na radi

Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na radi huja nayo. Yangu iliendea hapo. Nilizima swichi ya ukuta nikatoka kununua unga, radi ikapiga, nikarudi nikipata harufu ya plastiki imeungua. Manze, iliuma. Swichi haitoshi. Wingu likikunja uso, chomoa plagi na waya ya eria pia. Gadi ya TV inasaidia stima ikipanda na kushuka, lakini radi ya karibu inaipita.

Uko ushago na solar? Chukua wufa yenye tundu la DC 12V. Betri ya 12V ya 50Ah, ukitumia nusu tu ndio idumu, inakupa karibu wati-saa 300: wufa ya wati 60 kwa masaa matano.

Majirani

Besi haijui ukuta. Sheria ya kelele ya 2009, yenye NEMA husimamia, inahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja. Hapo shusha sauti, na usiweke wufa kona ya ukuta wa jirani, juu kona huongeza besi.

Sasa hesabu ya mwisho. Ukiwa na elfu kumi, usizimalize zote kwa spika. Weka kando za waya, fyuzi na fundi mwenye anajua. Afadhali wufa ndogo yenye stima imetulia, itakudundia hadi bonasi ingine, kuliko dude kubwa la kunuka moshi wiki ya pili.