Masazo ya shambani: Kuokota ni rahisi, kazi ipo kwenye kuhifadhi

Msimu wa nyanya ukikolea Ilula, mkoani Iringa, matenga hujaa kando ya barabara kuu na bei huporomoka. Ikishuka sana, gharama ya kuchuma, kununua tenga na kusafirisha inazidi pesa ambayo mkulima ataipata sokoni. Anachofanya ni kuziacha zioze shambani. Miezi michache baadaye nyanya zinaadimika, na familia hiyohiyo inazinunua kwa bei ya juu.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2019 kuwa takribani asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Matunda na mboga hupotea zaidi kuliko nafaka.

Njia moja ya kupunguza hasara hii ni ya zamani: kuokota masazo.

Kuokota masazo ni nini?

Ni kukusanya mazao yaliyobaki baada ya mwenye shamba kuvuna, au aliyoamua kutoyavuna kabisa. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Ruthu, aliyeokota masazo katika shamba la Boazi.

Siku hizi Marekani ina vikundi vya kujitolea vinavyofanya kazi hiyo, na sheria ya mwaka 1996 inamkinga anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe kirahisi.

Nani aratibu?

Kwa kijiji au mtaa, si lazima kuanzisha shirika. Kikundi cha vicoba, cha kanisa, cha msikiti au cha wazazi wa shule kinatosha, mradi kuwe na mtu mmoja wa kupokea simu za wakulima. Kabla ya watu kuingia shambani, mratibu awe na majibu ya maswali manne:

1. Mwenye shamba ameruhusu? Bila ruhusa yake, huo ni wizi. Mkubaliane siku, saa na mgao wake, na mtendaji wa kijiji ajue.

2. Dawa ilipuliziwa lini? Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kibandiko. Kama hazijaisha, msiokote.

3. Mzigo utabebwa na nini? Nyanya iliyobanwa kwenye kiroba inapasuka njiani. Kreti au ndoo zisizojazwa sana ni salama zaidi.

4. Yanakwenda wapi leo? Hapa ndipo wengi wanakwama. Nyanya au embe lililoiva halisubiri. Kuleta matenga kumi bila watu walio tayari kuyasindika ni kuhamisha uozo kutoka shambani kwenda nyumbani.

Kuhifadhi nyumbani

Ujuzi upo tayari. Wasukuma na Wanyamwezi wana michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vibichi au baada ya kuchemshwa. Nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, huliwa wakati wa kiangazi. Pwani kuna achari ya embe. Mafunzo mazuri huanzia hapo, kisha yanaongeza mambo ya usalama.

*Kukausha:* Kata vipande vyembamba vinavyolingana, visiwe vingine vinakauka huku vingine vina maji. Mboga za majani zitumbukizwe kwanza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache. Anika kwenye chanja na funika kwa chandarua safi, si chini kwenye udongo. Pwani hewa ina unyevu mwingi, hivyo kaushio la sola linasaidia kuliko jua peke yake.

*Jemu na achari:* Sukari nyingi kwenye jemu, na siki au ndimu pamoja na chumvi kwenye achari, ndivyo vinavyozuia vijidudu. Ukipunguza vipimo ovyo, umepunguza kinga.

*Nyanya za chupa:* Hapa hakuna kubahatisha. Bakteria wa botulizimu hutoa sumu inayoweza kuua, na hustawi kwenye chakula kisicho na uchachu wa kutosha kikifungwa bila hewa. Uchachu wa nyanya hutofautiana, hivyo mwongozo wa Marekani unataka vijiko vikubwa viwili vya maji ya limau ya dukani kwa kila chupa ya takribani lita moja, kabla ya kuichemsha ikiwa imefungwa. Maharage, mboga za majani na nyama havifungwi hivyo. Vinahitaji chombo maalumu cha presha, kwa kuwa maji ya kuchemka ya kawaida hayaui mbegu za bakteria huyo.

Kisichookotwa

Mahindi na karanga zilizolala kwenye udongo wenye unyevu au zenye ukungu ziachwe. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chakula cha bure chenye ukungu si msaada kwa yeyote.

Wapi pa kujifunzia?

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo ya usindikaji wa vyakula. Afisa ugani wa kata na afisa lishe wa halmashauri nao wanafaa kualikwa. Kikundi kikitaka kuuza badala ya kula na kugawana, kiulize kwanza taratibu za Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

La muhimu ni muda. Mafunzo yafanyike mwezi mmoja kabla ya msimu, chanja ziwe tayari na chupa ziwe zimenunuliwa. Mkulima akipiga simu Jumatatu kwamba bei imeanguka, Jumanne watu wawe shambani na jioni hiyohiyo visu viwe kazini.