Mgeni Mpe Jembe: Viza ya Likizo na Kazi kama Njia ya Kuhama

Mwaka jana binamu yangu aliuza pikipiki yake ya bodaboda ili amlipe wakala mmoja hapa Kampala. Wakala alimwahidi viza ya likizo na kazi ya Australia: mwaka mmoja wa kuchuma matunda, kisha mwajiri amdhamini, kisha ukaazi wa kudumu. Miezi ikapita, simu ya wakala ikawa haipatikani. Tulipoketi pamoja kusoma masharti ya viza hiyo, tuligundua jambo ambalo tungelijua kwa dakika tano kabla pikipiki haijauzwa. Uganda haimo katika orodha ya nchi zinazoruhusiwa, na hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyomo. Binamu yangu aliuliza swali moja tu: "Kwa nini sisi hatumo?" Katika insha hii nitajaribu kumjibu kwa kutumia historia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Viza ya likizo na kazi imejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kijana, kwa kawaida wa miaka 18 hadi 30, huruhusiwa kuingia nchi ya watu kutembea, na hupewa ruhusa ya kufanya kazi ili agharimie matembezi yake. Katika karatasi yeye ni mgeni atakayerudi kwao. Lakini methali haisemi mgeni aliyeshika jembe aondoke siku gani, na hapo ndipo historia ya viza hii inapoanzia.

Australia ilianzisha mpango wake mwaka 1975, ukiwa wazi kwa vijana wa Uingereza, Ireland na Kanada. Japani iliongezwa mwaka 1980, na nyingine zikafuata. Mwanzoni lengo lililotangazwa lilikuwa kubadilishana utamaduni. Baadaye mashamba yalipokosa wachumaji, jembe likaanza kuonekana waziwazi. Tangu mwaka 2005, kijana aliyefanya kazi maalumu kwa miezi mitatu nje ya miji mikubwa, kwa mfano kuchuma matunda, aliweza kupata viza ya mwaka wa pili. Tangu mwaka 2019, aliyeongeza miezi sita ya kazi ya namna hiyo aliweza kupata mwaka wa tatu. Katika miaka mitatu mtu hupata rafiki, mchumba na mwajiri anayemtegemea. Wengi walirudi kwao, lakini wapo waliodhaminiwa na waajiri au kuoa na kuolewa huko, wakawa wakaazi. Mipaka ilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wakulima walilalamika kwamba hawana watu wa kuvuna. Hapo kila mtu aliona kwamba likizo hiyo ilikuwa imebeba sehemu ya uchumi wa kilimo.

Mpango wa Uingereza unatuhusu zaidi, kwa sababu sisi tulikuwamo. Kwa miaka mingi Uingereza iliwaruhusu vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, wa miaka 17 hadi 27, kukaa huko kwa muda usiozidi miaka miwili, mradi kazi iwe ya kusaidia likizo tu. Uganda, iliyoingia katika Jumuiya mwaka 1962, ilistahili sawa na Australia. Katika utekelezaji mambo yalikuwa tofauti. Walioijaza njia hiyo walikuwa hasa vijana wa Australia, New Zealand na Kanada, na pia wa Afrika Kusini baada ya nchi hiyo kurudi katika Jumuiya mwaka 1994. Kijana wa kwetu alitakiwa kuwa na nauli na fedha za kujikimu, na kumridhisha ofisa kwamba kweli anakwenda likizo na kwamba atarudi. Zaidi ya hayo, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1971 ilikuwa imewapa nafasi ya pekee watu wa Jumuiya wenye mzazi mzaliwa wa Uingereza, na kanuni za uhamiaji zikawafungulia njia ya kufanya kazi wale wenye babu au bibi mzaliwa wa huko. Kwa hiyo Mwaustralia mwenye bibi wa Kiskoti aliyetaka kubaki alikuwa na mlango wa pili. Wa kwetu hakuwa nao.

Mwaka 2003 serikali ya Uingereza ililegeza masharti. Umri ulipandishwa hadi miaka 30, vizuizi vya kazi viliondolewa, na aliyekwisha kukaa mwaka mmoja aliweza kuomba kibali cha kawaida cha kazi bila kurudi kwao. Mojawapo ya nia zake ilikuwa kuwafikia vijana wa nchi za Jumuiya ambao hawakuwa wakinufaika. Maombi kutoka Asia ya Kusini na Afrika yaliongezeka. Mwaka 2005, miaka miwili tu baadaye, masharti yalikazwa tena, kazi ikawekewa kikomo cha miezi 12, ikielezwa kwamba mpango urudishwe kwenye lengo lake la likizo. Mwishoni mwa mwaka 2008 ulifungwa kabisa. Mpango mpya ulioshika nafasi yake ulianza na nchi nne: Australia, Kanada, New Zealand na Japani. Japani haijawahi kuwa katika Jumuiya ya Madola. Kigezo kilikuwa kimebadilika: nchi ambazo raia wake walihitaji viza hata kwa ziara fupi hazikustahili. Rwanda ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009, ikakuta mlango umeshafungwa.

Ninaitaja Rwanda kwa sababu babu yangu alitoka huko, na maisha yake yananisaidia kuielewa habari hii. Tangu miaka ya 1920, vijana kwa maelfu walivuka kutoka Ruanda-Urundi, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, kwenda Buganda kutafuta kazi za msimu. Walikimbia kazi za shuruti, kodi na kiboko, na wakati mwingine njaa, kama ile ya 1928 na 1929. Babu alikuja kwa msimu mmoja wa kahawa, akikusudia kupata fedha za kodi na nguo za harusi. Mwenye shamba alimpa jembe. Msimu wa tatu alimpa kibanja, yaani kipande cha ardhi cha mpangaji. Sheria ya Buganda ya mwaka 1927 ilikuwa imeweka kikomo cha ada za wapangaji na kuwakinga wasifukuzwe ovyo, hivyo mtu mwenye kibanja aliweza kupanda migomba na kuoa. Babu hakuamua siku moja kwamba amehama. Alijikuta amehama.

Lakini kukaa si sawa na kukubaliwa. Mwezi wa Oktoba 1982, familia nyingi za Wanyarwanda wa magharibi mwa Uganda zilifukuzwa, nyumba zao zikaporwa. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokaa miongo kadhaa na hata raia halali wa Uganda. Sisi tulikuwa mbali na huko, tukasalimika. Katiba ya mwaka 1995 iliwataja Wanyarwanda miongoni mwa jamii za asili zilizokuwapo Uganda ifikapo tarehe 1 Februari 1926. Babu alifika baada ya tarehe hiyo. Hadi alipofariki alitunza risiti zake za kodi katika bati la biskuti, kama mtu anayengojea kuulizwa.

Sasa naweza kumjibu binamu yangu. Hatumo kwa sababu ruhusa ya muda imekuwa siku zote njia ya nchi kuwatazama watu ambao huenda wakabaki. Pale mwenyeji alipomtaka mgeni, kama Australia ilivyowataka wachumaji wake, kila msimu uliongezewa msimu mwingine. Pale waliokuja kwa njia ile ile walipokuwa watu wasiotakiwa kubaki, likizo ilikumbukwa ghafla kuwa ni likizo tu. Ujanja wa msafiri ulikuwa na nafasi ndogo kuliko tunavyosimuliana mabwenini.

Wenzangu wanaotaka kwenda, siwazuii. Ningekuwa mnafiki, maana mimi ni tunda la kibarua wa msimu mmoja. Ila kabla ya kumlipa mtu, someni orodha ya nchi, kisha someni sharti linalosema nini kitatokea ruhusa ikiisha. Babu alipata jembe mapema sana. Karatasi ya kusema kwamba shamba ni lake, na kwamba yeye ni wa hapa, aliitafuta maisha yake yote.